Historia ya Gaudensi Isdori Tenganamba, Aliyelikataza Neno Mshipa

Baba Paroko, wakwe zetu mliopanda mlima kutoka Ilemba, madaktari na wauguzi mliofanya kazi na kaka yangu, majirani wa Chala na nyote mlioacha mashamba yenu leo, mimi naitwa Polikarp, fundi cherehani wa hapa sokoni, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja. Jana kikao cha ukoo kilinipa kazi ya kuandika historia hii, kikanipa na sharti lake, kwamba nikifika kwenye ugonjwa niandike tu kuwa alisumbuliwa na tumbo, nisiongeze kitu, maana wakwe watakuwa wamekaa mbele. Nimekaa na kalamu tangu alfajiri na nimeshindwa kulitimiza sharti hilo. Kuna neno nitalitaja mbele ya wakwe, kwa mila yetu ni kosa, faini ya kuku naikubali kabla sijahukumiwa, lakini marehemu mwenyewe aliniagiza niandike vizuri, na aliniagiza akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu.

Marehemu Gaudensi Isdori Tenganamba alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1958 hapa Chala, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Isdori Tenganamba na mama Tereza, ambao wote wametangulia, na kwa sasa tumebaki wanne. Alibatizwa mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1970, na wale waliokua naye watakumbuka kwamba alikuwa mtoto mkimya, mwenye kupenda kuhesabu, alihesabu vichuguu vya shamba la ulezi, alihesabu kondoo wa jirani, alihesabu mpaka vipande vya nyama kwenye sahani yangu, na kwa hilo tulipigana mara nyingi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Chala kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Akiwa darasa la sita, mwezi Juni mwaka 1971, baba yetu alibeba gunia la mahindi kutoka shambani, alipolitua akakaa chini akasema mshipa umemkaza. Mimi nilikuwa na miaka tisa na neno hilo nililisikia kwa masikio yangu. Wazee wakaja, wakamkanda kwa maji ya moto, akaletwa mtaalamu wa kuchua kutoka kijiji cha pili, akamchua siku tatu, tumbo likavimba, siku ya nne tukamzika, na kwenye kaburi lile ilisemwa kwamba mzee Isdori alikazwa na mshipa. Miaka kumi baadaye Gaudensi akiwa chuoni ndipo alipojua kwamba baba alikuwa na ngiri, utumbo uliteleza ukapita kwenye tundu la kinena, ukanyongwa pale, ukaoza, na kumbe daktari mmoja mwenye kisu na uzi angeweza kumrudisha nyumbani.

Basi, neno nimeshalitaja, ni ngiri, wakwe zangu mnisamehe, na nitalitaja tena.

Baada ya shule ya msingi alichaguliwa kujiunga na Shule ya Sekondari Kantalamba, Sumbawanga, mwaka 1973 hadi 1976, kisha akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na kuanzia mwaka 1978 hadi 1981 akasomea utabibu Mbeya. Aliporudi likizo ya mwisho alinikuta nimeanza kujifunza cherehani, akakaa kwenye kigoda changu kutwa nzima akiniangalia ninavyoziba suruali zilizochanika, akaniuliza kwa nini mshono wa pili hupasuka tena. Nilimwambia nilivyofundishwa na fundi wangu, kwamba ukivuta kingo za kitambaa kilichochakaa ili zikutane, uzi utashika lakini kitambaa kitachanika pembeni ya uzi, kwa hiyo usivute, weka kiraka. Aliliandika jambo hilo. Nilicheka sana kuona msomi wa Mbeya anaandika maneno ya mshona viraka, sikujua kwamba tumeanza mazungumzo yatakayochukua miaka arobaini.

Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1981 kama tabibu, akapangiwa zahanati mbili tofauti za wilaya ya Nkasi, mwaka 1987 akahamishiwa Namanyere, na mwaka 1990 akarudi masomoni kusomea udaktari msaidizi, akahitimu mwaka 1992. Kuanzia Januari 1993 hadi alipostaafu tarehe 4 Oktoba 2018 alifanya kazi katika hospitali moja ya mkoa wetu, chumba cha upasuaji, akafanya upasuaji wa kila aina, lakini kazi aliyojulikana nayo ilikuwa ngiri, watu wakamwita Daktari wa Ngiri, na yeye hakukasirika.

Kwenye mlango wa chumba chake alibandika karatasi yenye maneno mawili, MSHIPA HAPANA. Mgonjwa akiingia akasema daktari nina mshipa, alirudishwa benchi, akaambiwa atafute jina la ugonjwa wake, na mzee wa watu alikaa pale akijikuna kichwa mpaka aone aibu imeisha, ndipo aingie tena aseme daktari nina ngiri. Wengi walimwona ana kiburi. Hakuwa na kiburi, alikuwa mtoto wa mzee Isdori, na alikuwa akisema kwamba mshipa ni wa damu, mshipa ni wa shingo, mshipa ni wa paja, mshipa ni kila kitu, na ugonjwa wenye majina mengi unapata nafasi ya kukuua huku watu wanabishana upo wapi. Chini ya maneno yale mawili aliongeza methali tunayoijua wote, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu aliipenda, na mimi nitaisema kifundi kwa jinsi nilivyoielewa. Ngiri inatengenezwa kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza aliyofundishwa ni ya kuvuta, unarudisha utumbo ndani, unaivuta nyama ya juu ikutane na mshipi mgumu wa chini, unashona kwa uzi wa nguvu, ni kazi ya haraka na haihitaji kitu cha kununua nje, lakini mgonjwa anatembea ameinama majuma mawili na kuna wanaopasuka tena. Njia ya pili ni ya tabaka, unafungua ukuta wa kinena tabaka kwa tabaka na kuufunga hivyohivyo kwa kupishanisha, kama pindo lililokunjwa mara nne, haivuti sana ila inataka mkono uliotulia na muda ambao foleni ya wagonjwa haikupi. Njia ya tatu ni ya wavu, kipande cha wavu laini kinalazwa juu ya tundu na nyama inaota kukipita, hakuna kuvuta kabisa, hicho ndicho kiraka chenyewe, na siku alipokuja kunieleza, mwaka 2004, aliingia dukani bila hodi akanipigia saluti mbele ya wateja. Ya nne aliiona kwenye semina tu, ya matundu madogo na kamera, aliisifu kama mtu anavyosifia gari la mwenzake, akarudi kwenye kisu chake.

Mngedhani basi angechagua wavu na mambo yakaisha. Hakuchagua. Nyavu zilikuwa zikipatikana kwa msimu, zikija na wageni, zikiisha zinaisha, na kuna mgonjwa mmoja aliyewekewa wavu akawa na maumivu ya kinena mwaka mzima, akija analia, na jambo hilo lilimkosesha kaka yangu raha. Alisema hataki kuamini kitu kwa sababu ni kipya wala kukishikilia kwa sababu alikizoea, atahesabu. Akanunua daftari kubwa la jalada gumu, akalipigia mistari, namba, jina, kijiji, upande, njia, na safu ya mwisho aliiandika kwa wino mwekundu neno moja, IMERUDI, na alama ya kuuliza.

Kuanzia mwaka 2004 hadi alipostaafu aliingiza humo watu mia mbili na kumi na tatu. Kila mmoja aliambiwa arudi baada ya mwaka, na baada ya miaka mitano, lakini ninyi mnatujua, mtu akipona harudi hospitali, na akiumwa tena anaona aibu, anasema nitamwambiaje daktari kwamba kazi yake imepasuka, anakwenda hospitali nyingine au anakaa nayo chini ya koti. Kwa hiyo alipostaafu, badala ya kufuga nguruwe kama wenzake, Gaudensi alinunua pikipiki akaanza kuwafuata wagonjwa wake nyumbani, Namanyere, Kirando, Laela, vijiji vya uwanda wote wa juu, akiuliza swali moja tu, imerudi.

Aliwapata mia moja sitini na nane. Walioshonwa kwa kuvuta walikuwa tisini na saba, na kumi na nne imerudi. Wa tabaka walikuwa arobaini na mmoja, watatu imerudi. Wa wavu walikuwa thelathini, mmoja imerudi, na yule wa maumivu. Nilimwambia kaka, hesabu si imejibu, umalizane nayo ukapumzike, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekimbilia jibu, akasema bado arobaini na tano hawajaonekana, na wasioonekana ndio wanaojua jibu.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Bertilla tarehe 18 Agosti 1984 katika kanisa letu la hapa Chala, na Agosti ijayo wangetimiza miaka arobaini, sare ya jubilei nilikwisha kuikata, ipo mezani kwangu haijaunganishwa mikono. Mungu aliwajalia watoto wanne, Monika, Timoth, Debora na Mary, na wajukuu tisa. Alikuwa baba mpole aliyewapima watoto urefu kila Krismasi kwenye fremu ya mlango, na mwanamke aliyemvumilia na daftari lile sebuleni, mezani na hata kitandani anastahili pongezi zetu zote.

Tarehe 9 Julai 2016 Debora aliolewa na Meshack, mtoto wa mzee Ndalahwa wa Ilemba, familia ya wafugaji waliohamia huku kutoka kaskazini, watu wema waliotupokea kama ndugu. Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndipo maji yalipozidi unga. Mzee Ndalahwa alikwishafanyiwa upasuaji na kaka yangu mwaka 2011, njia ya kuvuta, kwenye daftari ni namba themanini na nane, na tangu siku ile tulipopokea ng'ombe wao safu yake nyekundu haikuweza kujazwa tena. Mtu unamuulizaje mkwe wako habari za kinena chake? Hata kukaa naye mkao wa kulegea huwezi. Miaka minane kaka yangu alikuwa akishuka Ilemba kusalimia wajukuu, anakula, anashukuru, anarudi na namba themanini na nane ikiwa tupu, na alinitania kwamba Debora alimpatia mkwe mzuri akamharibia takwimu.

Ndiyo maana mwezi huu aliniomba twende wote. Kule bondeni, upande wa Ilemba, walikuwa wamebaki watano wa kutafutwa na wa sita ni mzee Ndalahwa, na kaka alitumaini kwamba mimi mdogo mtu, ambaye ukwe wangu ni wa pembeni kidogo, ningeweza kumvuta mzee zizini na kumuuliza. Tulishuka Jumapili ya tarehe 10 Machi 2024 baada ya misa. Jumatatu tulizunguka kwa pikipiki tukawapata watatu, wawili haijarudi, mmoja imerudi, wa nne tulionyeshwa kaburi lake na wa tano alikuwa amehamia Katavi na ng'ombe zake. Kaka yangu alikuwa na furaha, alinisomea daftari njia nzima nikiwa naendesha.

Jumanne ya tarehe 12, saa nne asubuhi, pikipiki ilizama kwenye tope jeusi karibu na mto, tukaisukuma wote wawili, na ilipotoka nikamwona kaka ameshika tanki la mafuta, jasho linamtoka. Tulirudi nyumbani kwa wakwe polepole. Mzee Ndalahwa alitupokea mlangoni, Meshack akiwa pembeni, mama mkwe akiwa na kiti mkononi, wakauliza kwa pamoja, baba kulikoni, na mbele ya watu wote hao kaka yangu, mwenye karatasi mlangoni kwa miaka ishirini na mitano, akajibu kwamba ni mshipa tu, umemkaza hapa pajani.

Nililisikia neno lile kinywani mwa mgonjwa wa nyumba yetu mara ya pili maishani mwangu na mara ya pili sikulielewa. Nilifikiri ni paja, kwa sababu tulikuwa tumesukuma pikipiki, hata langu lilikuwa linauma. Wakwe walimheshimu kwa heshima yao yote, wakamweka kwenye kiti kikubwa sebuleni, Debora akachemsha maji, mimi nikapiga magoti nikamchua paja kwa dawa ya kuchua kutoka duka la jirani, nikamchua kwa mikono miwili na kwa moyo mmoja, akaniambia asante mdogo wangu. Mzee Ndalahwa hakumwacha peke yake hata dakika moja, kwa sababu mgeni mgonjwa haachwi, na wazee wa jirani wakaja kumpa pole mmoja baada ya mwingine mpaka jua likazama.

Baadaye nilijua alichokuwa anakihitaji. Alihitaji chumba, mlango ufungwe, alale chali ainue miguu, airudishe kwa mkono wake kama alivyokuwa akiirudisha nyumbani kila siku. Hakuthubutu kuomba. Alitapika nyuma ya nyumba akasema ni samaki, nami nikasema ni samaki.

Jumatano asubuhi, wakwe walipokwenda kukamua, alinishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ni ngiri, upande wa kulia, anayo miaka sita, na tangu jana hairudi. Nakumbuka niliangalia mikono yangu, bado ilikuwa inanuka dawa ya kuchua.

Kituo cha afya kilimpokea mara moja, wakamwekea dripu na mpira wa tumboni, gari la wagonjwa likapatikana na likaondoka, hakuna aliyezembea, nasema hivi ili asitafutwe mtu wa kulaumiwa. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani, na kwenye kona ya tatu lori la mchele lilikuwa limelala katikati ya njia. Tulikaa pale kutoka saa tatu hadi saa tisa. Watu walichimba kwa majembe, Meshack alichimba mpaka mikono ikatoka damu, dereva alipiga simu kila mahali, mimi nilikaa nyuma nimeshika chupa ya dripu na sikuwa na cha kufanya, na kaka yangu alikuwa ananieleza, kwa utulivu, kama vile anamweleza mwanafunzi, ni saa ngapi utumbo unaweza kuvumilia ukiwa umenyongwa, na kwamba saa hizo zimeshapita. Nilimwomba anyamaze. Alinyamaza, akanipapasa goti.

Tulifika Sumbawanga saa kumi na mbili jioni. Daktari wa zamu alikuwa Valeria, ambaye marehemu alimfundisha kushika kisu, anamwita mwanangu, na ambaye nilijua baadaye kwamba ndiye marehemu alikuwa akimkwepa miaka sita yote, kwa sababu angevuliwa nguo mbele ya mtoto. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini basi angalau amwite kinyozi mwenzake. Alipokuwa anasukumwa kuingia alimuuliza Valeria atatumia njia gani, kisha kaka akajijibu mwenyewe, kwamba wavu hapana leo, ukikuta utumbo umekufa wavu utaoza nao, shona kwa tabaka, na usivute. Kisha akageuza shingo akaniambia, Polikarp, uandike vizuri.

Kwa hiyo mtu aliyelinganisha njia za kutengeneza ngiri kwa miaka ishirini, ilipofika zamu yake, hakuwa na njia ya kuchagua. Utumbo uliokufa ulikuwa sentimita sitini, Valeria aliniambia huku anafuta macho, na mimi akili yangu ya kifundi ikaniambia huo ni urefu wa mkono wa shati la mtu mzima. Alishona kwa tabaka. Hakuvuta. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, Alhamisi aliongea kidogo, Ijumaa alimtambua Bertilla tu, na Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024, saa tano asubuhi, Gaudensi alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, miezi mitano na siku kumi na mbili.

Jana, mara tu kikao kilipokwisha, nilifungua daftari ili nitafute tarehe za kuandika humu. Baada ya namba mia mbili na kumi na tatu kuna namba mia mbili na kumi na nne, ya ngiri iliyoanza Aprili 2018, Gaudensi I. Tenganamba, Chala, kulia, na kwenye safu ya njia ameandika kwa penseli, bado naamua. Alikuwa anangoja hesabu yake iishe ili ajue atengenezwe vipi. Nimekasirika, waombolezaji, nawaambia kweli, nimemkasirikia marehemu kwa ile penseli, nimejikasirikia kwa yale magoti niliyoyapiga sebuleni, na hasira yote haina pa kwenda, kwa sababu aliyekosea ni neno moja na heshima ya watu wema.

Nililiacha daftari wazi mezani. Jana hiyohiyo, jioni, mzee Ndalahwa alikuja dukani kwangu peke yake, amevua kofia, akakaa kwenye kigoda kilekile alichokalia kaka. Kisha akaniambia andika, namba yangu, imerudi. Imerudi tangu mwaka 2019. Kila mkwe wake alipokuja kumsalimia alikaa naye chumba kimoja akiwa amejifunga kitambaa chini ya suruali, akaona haya kumwambia kwamba kazi ya mikono yake imepasuka. Ile Jumanne, wakati mimi nachua paja, wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye viti viwili, kila mmoja na ngiri yake, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Nimemuuliza mzee kama naweza kuyasoma haya mbele ya kaburi, naye amesema yasome, na Daktari Valeria atamfanyia upasuaji Alhamisi, kwa wavu.

Familia inawashukuru wahudumu wa kituo cha afya kule bondeni, dereva wa gari la wagonjwa, watu wote wa kona ya tatu waliochimba bila kuulizwa, madaktari na wauguzi wa Sumbawanga waliokaa naye siku tatu, hususan Daktari Valeria, ambaye tunamwomba asijilaumu kwa mshono ule, nimeuona nilipomwogesha kaka yangu, nami nimeshona tangu mwaka 1981, ule mshono haukuwa na kasoro. Tunamshukuru Baba Paroko, jumuiya ndogondogo, wafanyakazi wenzake wa zamani, majirani wa Chala kwa kuni, maji na uji, na wakwe zetu wa Ilemba, ambao hawana kosa, na Debora asiambiwe vinginevyo na mtu yeyote.

Wamebaki arobaini ambao hawajaonekana. Daftari litakaa dukani kwangu, kando ya cherehani, na pikipiki nimeirithi. Kama yupo mmoja wao hapa, au kama kuna mwingine yeyote mwenye kitu chini ya koti, aje, na akija asiniambie mshipa, maana nitamrudisha benchi.

Kaka, namba themanini na nane nimeijaza kwa wino mwekundu. Ya kwako nimeandika njia, tabaka, na ile safu ya mwisho nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu mkono wangu umekataa. Lala sasa, fundi mwenzangu, pumzika kwa amani ya Bwana, hakuna atakayekuuliza tena.